Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Machela

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Sisi huku Msimbati tuko wazima. Mwanao Mfaume amerudi kazini kwake bandarini Mtwara tangu Jumamosi, na Hamisi ameanza shule. Viatu hana, lakini daftari analo na halali bila kulikumbatia. Nayatanguliza haya kwa sababu najua ndiyo utakayotaka kuyajua kwanza, na kwa jinsi kichwa changu kilivyo siku hizi naweza kuyasahau nikifika katikati.

Barua hii sikuifunga. Wewe hujui kusoma, na jirani nitakayempa avuke nayo Ruvuma hajui pia, kwa hiyo lazima asome mtu mwingine, nami nimekubali iwe hivyo. Ijumaa iliyopita nilisimama mbele ya chama chetu cha machela nikasema jambo linalokuhusu. Sikutaka likufikie kwa wapitaji, kila mmoja amelitia chumvi yake. Nataka ulisikie kwangu, kwa maneno yale yale niliyoyatumia, ingawa mwenyewe sijajua bado kama nilitenda haki au nilikosa adabu. Asubuhi naona hivi, jioni naona vile.

Lakini siwezi kuanza na Ijumaa. Nikianza na Ijumaa nitaonekana mkwe mbaya tu, na labda ndivyo nilivyo, ila nataka kwanza tukumbushane.

Unakumbuka siku uliyonipokea kutoka Mikindani? Nilikuwa bibi arusi wa mjini, sijawahi kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, na kutembea kwenye mchanga wenu kulinishinda. Ulinitangulia kuingia nyumbani, na kitu cha kwanza nilichokiona ukumbini kilikuwa miti miwili mirefu ya mkoko iliyofungiwa wavu wa kuvulia papa, juu yake turubai, vimeegemezwa ukutani. Nikadhani ni jeneza. Nikasimama mlangoni nisitake kupita. Ukageuka, ukaona ninapoangalia, ukacheka mpaka ukajishika kiuno.

"Hiki ni cha walio hai, mwanangu," ukaniambia. "Wafu wana chao msikitini."

Ndipo uliponieleza habari za chama. Baba mkwe, ambaye sikuwahi kumwona, alichomwa na mwiba wa samaki taa alipokuwa akivua, mguu ukavimba, homa ikapanda. Walimbeba juu ya mlango walioung'oa nyumbani, watu wanne, na njiani kuelekea Madimba wakachoka, wakapumzika, wakabishana nani abadilishane na nani. Alifia kwenye mabishano hayo. Ulipomaliza eda uliwaita majirani barazani pako ukawaambia, "Kufa tutakufa sote. Lakini mtu asife kwa kukosa mabega." Hivyo ndivyo chama kilivyoanza, na ndivyo ulivyokuwa mwenyekiti wake bila mtu kukupigia kura.

Mimi nilikupenda kwa ajili ya zile Ijumaa, Mama. Watu wakitoka kuswali walikuja barazani, nawe ulikuwa na zamu zote kichwani. Wabebaji kumi na wawili, makundi mawili, na ulikuwa umewapanga kwa vimo, kama mtu anayepanga masufuria, ili machela isiinamie upande. Wanawake nao walikuwa na zamu zao: huyu maji ya njiani, huyu uji, huyu kanga safi, huyu wa kufuatana na mgonjwa mpaka Madimba kwa nesi, na ikibidi mpaka lori lipite la kwenda Mtwara hospitali. Mtu akianza kutoa udhuru ulimkata. "Issa," ulimwambia mara moja kiongozi wa kundi la kwanza, "wiki hii bega lako si la mkeo. Akikutuma kuni, mwambie aje aniulize mimi." Mkewe alikuwa amekaa pale pale. Akacheka kuliko wote.

Na unakumbuka Mzee Selemani na jipu lake? Alikuwa na jipu kwenye kisigino, akaja kuomba machela impeleke Madimba, na baadaye ikajulikana kwamba Madimba kulikuwa na karamu kwa wakwe zake. Siku hiyo hiyo mama mmoja aliungua maji ya moto, na wabebaji walikuwa wameshatoka na Mzee Selemani wanaimba. Uliwakimbilia njiani mwenyewe, ukamshusha. "Mzee Selemani," ukasema, "jipu halina mkwe." Alirudi kwa kuruka mguu mmoja, na Ijumaa iliyofuata alikuwa wa kwanza kuunga mkono kanuni uliyoileta: mgonjwa aonekane kwanza kuwa mgonjwa, na kati ya wagonjwa, wa kwanza kupiga hodi ndiye wa kwanza kubebwa. Asitazamwe ukoo wala cheo.

Ulipoileta kanuni hiyo, watu wa ng'ambo ya Ruvuma walikuwa wameshaanza kuvuka kwa wingi, wakikimbia vita. Tomasi na mkewe Lusia walikuja na vyungu viwili na mbuzi mmoja, wakapewa pa kulima upande wa mtoni. Tomasi alikuwa mrefu kuliko wabebaji wote, ikabidi umtafutie mwenzake wa kulingana naye. Alikuwa amefundishwa kusoma na kuandika na mapadri kwao, akawa karani wetu. Zamu ulizozishika kichwani akaziandika kwenye daftari. Wako walionung'unika. "Na wageni nao watabebwa?" Ukajibu, "Hodi haina kabila." Nililiandika neno lile moyoni. Nilijivuna kuwa mkweo.

Basi sasa nifike kwenye siku yenyewe, ambayo tangu ipite mimi na wewe hatukuwahi kuizungumza, hata mara moja, ingawa tulikaa nyumba moja na kupika jiko moja.

Uchungu ulinishika alfajiri. Mfaume alikuwa Mtwara. Ulimwita Bi Fatu mkunga, akanipapasa tumbo akasema mtoto amelala upande. "Lakini wa kwanza hawana haraka," akasema. "Tungoje jua lipande, huenda akageuka mwenyewe." Wewe ulikuwa ukiingia na kutoka. Sikuwahi kukuona ukiwa hujui pa kuiweka mikono yako, siku ile ndiyo nilikuona.

Jua lilikuwa limeanza kuingia dirishani niliposikia sauti barazani.

"Hodi, Mama. Ni mimi Tomasi. Lusia ameshikwa na uchungu tangu jana mchana. Amechoka, hana nguvu ya kusukuma tena. Naomba machela."

Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi kidogo, na kutoka kitandani niliiona machela pale pale ukumbini, imeegemea ukuta mahali pake pa siku zote. Kisha nikakusikia ukisema, "Machela imeshatoka, baba. Nenda ukakae na mkeo. Ikirudi tu naileta kwako."

"Haya, Mama. Asante," akasema. Nikasikia miguu yake ikikimbia.

Ukaingia chumbani, ukamwambia Bi Fatu, "Huyu anapelekwa sasa hivi."

"Mama Mfaume, nimesema tungoje."

"Hatungoji. Wewe nenda kwa Lusia ukamsaidie. Huyu nitafuatana naye mimi."

Hapo ndipo kichwa changu kinapokwama kila nikijaribu kupita. Maana siwezi kusema hukumjali Lusia. Ulimnyima machela, kisha ukampa mkunga uliyenaye. Siwezi kusema hukuvunja kanuni, wala siwezi kusema kwa yakini kwamba uliivunja, kwani mimi nilikuwa ndani ya nyumba yako tangu alfajiri nikilia, na mtu aliye ndani hupiga hodi saa ngapi? Kama kilio changu kilikuwa hodi, basi mimi ndiye niliyetangulia. Nimelizungusha jambo hili kama mtu anayezungusha ufunguo katika kufuli isiyo yake. Lakini kila nikijitetea hivyo nalikumbuka neno lako, "imeshatoka", na machela naiona kwa macho yangu, haijatoka.

Njia ya Madimba unaijua. Issa na kundi lake walinibeba wakiimba taratibu, nawe ulitembea kando yangu umeshika ukingo wa turubai, kanga yako umeifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Hukuimba. Tulifika kabla ya adhuhuri. Lori lilikuwa bado. Ukawaambia wabebaji, "Msikae. Rudini mkamchukue Lusia," na Issa akataka kunywa maji kwanza, ukamwambia atakunywa akitembea. Nesi alinilaza chumbani kwake, na kabla hajamaliza kunawa mikono Hamisi akatoka, kichwa mbele, kama vile hakuwahi kulala upande.

Nilimuuliza yule nesi, "Aligeuka saa ngapi?"

"Wengine hugeuzwa na mtikisiko wa safari," akasema. "Wengine hugeuka tu wakitaka."

"Huyu ni yupi?"

Akacheka. Hakujua kwamba nilikuwa nauliza kweli. Mpaka leo sijapata wa kunijibu. Kama ni safari iliyomgeuza, basi ulimwokoa mjukuu wako, na labda mimi pia. Kama angegeuka kitandani kwangu, kama Bi Fatu alivyosema, basi machela ilikuwa imetoka bure.

Alasiri walimleta Lusia. Tomasi na majirani walikuwa wamechoka kungoja, wakamtoa na kitanda chake cha kamba. Wakakutana na akina Issa katikati ya njia, wakamhamishia kwenye machela. Alijifungua ilipobaki mikorosho michache tu kuingia Madimba. Damu haikukoma. Bi Fatu alifanya kila alichokijua. Walipofika mlangoni kwa nesi, Lusia alikuwa amekwisha.

Mimi nilikuwa nimeketi na Hamisi kifuani. Nilimwona Tomasi akisimama uani kifua wazi, kwa sababu shati lake alikuwa amemfungia mtoto, msichana mdogo mwenye nywele nyingi. Alikuwa akimtazama kila mtu kwa zamu, kama anayetafuta wa kumwuliza kitu. Ulimwendea. Ukampokea mtoto, ukaja naye mpaka kwangu, ukamtoa Hamisi kwenye ziwa langu, naye akalia, ukamweka yule mahali pake.

"Mnyonyeshe huyu kwanza," ukasema.

Hukuniangalia usoni. Tangu hapo sidhani uliwahi kuniangalia usoni sawasawa.

Tomasi hakugombana na mtu. Nilipotoka arobaini alikuja barazani siku ya mkutano, akakaa mahali pake pa karani, daftari magotini. Mambo mengine yalipokwisha akaomba kusema.

"Mimi sina lawama," akasema. "Nataka kujua tu, nipate kulala. Siku ile nilifika kabla ya Zuhura kuchukuliwa au baada?"

Ukamjibu, "Baada. Machela ilikuwa imeshatoka."

Mzee Selemani akamgeukia Issa. Issa akasema, "Sisi tuliitwa tukaja." Mzee Selemani akanigeukia mimi. Nilikuwa nimekaa kizingitini, mtoto huku na mtoto huku. "Mwanangu, wewe ulikuwa ndani. Ulisikia nini?"

Nilikutazama wewe, Mama. Ulikuwa unaangalia vidole vya miguu yako.

Nikasema, "Sikusikia kitu. Nilikuwa na uchungu."

Tomasi akaitikia kwa kichwa. "Basi, asanteni," akasema, na akaandika kitu kwenye daftari. Sijui aliandika nini. Watu wakatawanyika. Nilitegemea utanijia, uniambie asante au uniambie umefanya vibaya, mojawapo. Ukaingia jikoni ukaanza kuchambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa.

Ijumaa iliyofuata uliacha uenyekiti. Ulisema umechoka, Mzee Selemani akaushika, na hakuna aliyekuuliza umechoshwa na nini. Ukaanza kwenda shambani kwa Tomasi, kwanza kumchukua mtoto na kumrudisha, kwa kuwa maziwa alikuwa anayapata kwangu, kisha kupalilia muhogo wake, kisha kumpikia. Mtoto akaitwa jina la mamaye, Lusia mdogo. Alipoacha ziwa akahamia kwako mgongoni. Hamisi akikulilia ulimpakata, siwezi kusema hukumpakata, lakini ulimpakata kama mtu aliyeazimwa.

Mara moja tu nilijaribu. Tulikuwa tunamenya muhogo, sisi wawili, watoto wamelala. Nikasema, "Mama, ile siku..." Ukanyanyuka. "Chumvi imekwisha," ukasema, ukaenda dukani. Chumvi ilikuwepo, Mama. Niliificha kabla hujarudi, nisikuaibishe. Sijui kwa nini nakwambia hilo leo.

Vita vikaisha ng'ambo, watu wakaanza kurudi kwao. Tomasi akaja kuaga. Nilifikiri siku hiyo utalia kwa ajili ya Lusia mdogo, na nilikuwa nimejiandaa kukubembeleza. Kumbe kifurushi chako kilikuwa kimeshafungwa. Mfaume alikuwa nyumbani. Akakushika mkono kama mtoto.

"Mama, mjukuu wako yuko hapa. Huko una nani?"

Ukasema, "Hamisi ana mama."

Basi. Ukamchukua Lusia mdogo mgongoni, ukamfuata Tomasi, na ulipofika kwenye kona ya mikorosho hukugeuka. Mfaume akaniuliza, "Tumemkosea nini?" Nikamwambia sijui. Ilikuwa nusu kweli. Nilijua ulichokuwa unakilipa, au nilidhani najua, lakini sikujua kwa nini sisi tuliobaki tuonekane ndio tuliokosa.

Sasa Ijumaa.

Mzee Selemani macho yake yameingia ukungu, hawezi tena kuendesha chama. Wakakaa barazani pako, wakasema wamenitaka mimi. "Ni mkwe wa Mama Mfaume," akasema Issa. "Ameiona kazi tangu mwanzo." Watu wakaitikia. Nilitaka kusema asanteni, nakubali. Kinywa kikafunguka, yakatoka mengine.

Nikasema, "Kabla hamjanipa, sikilizeni. Tomasi aliuliza swali hapa, nikamjibu uongo. Nilimsikia akipiga hodi. Nilimsikia Mama akimwambia machela imeshatoka. Na machela ilikuwa bado ukumbini, niliiona."

Hapakuwa na kelele. Nilitegemea kelele. Issa akakuna kidevu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tunajua, Zuhura. Sisi ndio tulioingia ukumbini kuichukua. Ulidhani tuliitoa wapi?"

Nikakaa chini.

"Na mimi nilisema tungoje," akasema Bi Fatu. "Mlijua kwamba nilisema."

"Mbona hamkumwambia Tomasi?" nikauliza.

Kila mmoja alikuwa na jibu lake, Mama, na hayakulingana. Issa alisema wewe ndiye uliyeleta hili jambo la kubebana, angekusemaje mbele za watu. Bi Fatu alisema hata yeye asingekuwa na yakini, huenda mtoto asingegeuka, naye amewazika wengi waliongojeshwa. Mzee Selemani alisema aliogopa chama kife. Mke wa Issa akasema pole pole, "Nani hapa angemwacha mkwewe kitandani akampa machela jirani? Anyooshe mkono tumwone." Hakuna aliyenyoosha. Mimi mwenyewe sikunyoosha. Kwa hiyo miaka yote hii nilidhani nimebeba siri yako peke yangu, kumbe tulikuwa kijiji kizima tumeibeba, kila mtu akidhani ni mzigo wake. Wa pekee ambaye hakupewa hata ncha yake ya kushika ni Tomasi, na ndiye aliyekuwa mwenyewe.

"Basi tumesikia," akasema Mzee Selemani. "Lakini mwenyekiti bado tunamtaka."

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikakubali, na ukiniuliza kwa nini sitakuwa na la kukwambia. Nikaweka sharti: machela isilale tena nyumbani kwa mtu. Sasa inakaa barazani kwa shule, watu wawili wasio wa nyumba moja ndio wanaopokea hodi, na kila hodi inaandikwa kwenye daftari hapo hapo, aliyeita na jua lilipokuwa. Kama mtu wa nyumbani kwao anaumwa, naye anaandikwa kama wengine. Mzee Selemani alisema ni kanuni nzuri. Mimi sijui. Naogopa kanuni nzuri, kwani ya kwako ilikuwa nzuri.

Mfaume alikuwepo barazani. Jumamosi asubuhi aliondoka bila kunywa chai. "Umemvua mama yangu nguo mbele za watu," akaniambia. Akafika mlangoni, akasimama, akauliza bila kugeuka, "Kweli ilikuwa ukumbini?" Nikasema, "Kweli." Akachukua kikapu chake akaenda. Hajatuma salamu tangu hapo. Huenda akaja Ijumaa hii, huenda asije.

Na sasa, Mama, nafika mahali ninapopaogopa. Huko mliko anayejua kusoma nyumbani kwenu ni mmoja tu. Nililijua hilo tangu nilipochukua kalamu. Ningeweza kutuma maneno kwa mdomo, nikakuficha kwake. Nimeona nimemficha vya kutosha.

Kwa hiyo kaka Tomasi, ikiwa ni wewe unayesoma, na najua ni wewe, sehemu hii ni yako. Uliuliza ulifika kabla au baada. Ulifika kabla. Nilikusikia, na ulipouliza nikasema sikusikia. Ulitubebea wagonjwa wetu kwenye mabega yako, na sisi tulishindwa kukupa neno moja. Sikuombi unisamehe kwa barua. Hilo ni jambo la kuombwa uso kwa uso. Ila sijui kama Mama alishakwambia. Kama alikwambia mkiwa bado huku, nawe ukakubali akulelee mtoto ukiwa unajua, basi mimi sikuelewi, na ningependa siku moja nikuelewe. Kama hakukwambia, na ndio kwanza unayasoma haya, naye amekaa mbele yako anangoja uendelee, nakuomba umalize kusoma kabla hujainuka. Yeye si mtu mbaya. Mimi niliyekula mema yake na mabaya yake kwa siku moja ndiye ninayekwambia.

Mama, chumba chako sijampa mtu. Ukifukuzwa, njoo. Usipofukuzwa, njoo pia, hata kwa wiki moja, umwone Hamisi anavyoandika jina lake. Sitakuuliza kitu. Au nitakuuliza, sijui. Nikikuona huenda nikashindwa kunyamaza. Ningetaka kukuuliza kama ulifanya kwa ajili yangu, au ya Mfaume, au kwa ajili ya baba mkwe aliyefia njiani, au ulishikwa tu na hofu kama mtu yeyote. Kukushukuru siwezi, maana shukrani hiyo ina jina la Lusia ndani yake. Kutokushukuru siwezi pia, mtoto yuko hapa mbele yangu anachafua meza kwa wino.

Nipakatie Lusia mdogo. Akikua akiuliza habari za Msimbati, mwambieni lolote mtakaloona linafaa, lakini mwambieni na hili, kwamba siku aliyozaliwa alinyonya kwangu mwanangu akingoja, na kwamba nilimpa bila kusitasita. Katika yote niliyoyaandika hapa, ni hilo tu nisilolitilia shaka.

Jirani anangoja mlangoni, nampa kabla sijabadili nia.

Ni mimi mkaza mwanao,
Zuhura, Mama Hamisi